Mwendo Usipite Macho: Safari Salama Wakati wa Kipupwe

Matini ya mazungumzo yetu na abiria, madereva na wamiliki wa vyombo vya usafiri, yaliyofanyika katika kituo cha mabasi mkoani Njombe mwanzoni mwa msimu wa baridi



Tumekuja kuzungumza nanyi kuhusu kipupwe. Ninyi mnaoishi huku hamhitaji mgeni wa kuwaeleza baridi ni nini. Mnajua kwamba kati ya Juni na Agosti alfajiri za Njombe, Makete, Mufindi na Rungwe mara nyingi hufunikwa na ukungu, kwamba manyunyu huweza kuanguka huku wakati mikoa mingine ni mikavu, na kwamba katika uwanda wa Kitulo nyasi huweza kuamka zikiwa nyeupe kwa sakitu, yaani umande ulioganda. Lakini barabara zenu hazipitwi nanyi peke yenu. Basi lililoondoka Dar es Salaam jioni katika joto hufika Mafinga au Makambako usiku wa manane au alfajiri, na dereva wake huingia katika hali ya hewa ambayo hakuianza nayo safari. Lori la mbao, la viazi au la parachichi hutoka mashambani kabla jua halijachomoza ili liwahi soko. Wote hukutana ndani ya ukungu mmoja.

Katika nchi za theluji, kama vile Ujerumani na Uswidi, sheria humtaka dereva atumie matairi maalumu barabara inapokuwa na barafu au theluji. Barabara zetu kuu hazifunikwi na theluji, na pengine ndiyo sababu tumezoea kuamini kwamba baridi ni jambo la koti na chai ya moto. Hatari zetu ni za namna nyingine: ukungu unaoficha kilicho mbele, manyunyu yanayoteleza juu ya vumbi, kioo kinachojaa mvuke, usingizi wa alfajiri, na magari yaliyoharibika njiani bila alama.

Kwa hatari hizo zote tunayo kanuni moja, nayo ni hii: mwendo usipite macho. Gari liendeshwe kwa mwendo unaomwezesha dereva kusimama ndani ya umbali anaouona. Mengine yote tutakayosema ni maelezo ya kanuni hiyo.

Jambo lililotukuta

Turuhusuni kwanza tuwasimulie jambo lililotukuta sisi wenyewe. Mwaka uliopita watumishi wawili wa Mamlaka tulipanda basi hapa Njombe saa 11 alfajiri kuelekea Makambako. Tulipotoka nje ya mji ukungu ulikuwa umetanda hata kingo za barabara hazikuonekana vizuri. Dereva akapunguza mwendo, na kwa robo saa hivi tulikwenda polepole.

Kisha basi jingine likatupita kwa kasi. Abiria mmoja akasema kwa sauti, "Dereva, kwa mwendo huu tutafika kesho!" Watu wakacheka. Mama mmoja akasema ana miadi ya hospitali. Kijana mmoja akasema angelijua angalipanda lile lililotupita. Kondakta akamwendea dereva akamnong'oneza, na mwendo ukaongezeka. Hakuna aliyepinga. Sisi wawili, ambao kazi yetu ni usalama wa abiria, tulitazamana tukanyamaza, kwa sababu tuliona haya kuonekana watu wa kulalamika.

Dakika chache baadaye breki zilikanyagwa kwa nguvu, mizigo ikaanguka kutoka juu, na basi likasimama hatua chache nyuma ya lori la mbao lililoharibika katika njia yetu. Lori lile halikuwa na taa wala alama yoyote, isipokuwa matawi ya miti yaliyolowa ambayo tuliyaona baada ya kuyakanyaga. Mtoto mmoja aliyepakatwa bila mkanda alipasuka mdomo kwa kugonga kiti cha mbele. Hakuna aliyekufa. Watu walikaa kimya kwa muda, kisha yuleyule aliyesema tutafika kesho akamwambia dereva, "Nenda polepole, ndugu yangu."

Tunalisimulia jambo hili kwa sababu kosa lake halikuwa la mtu mmoja. Mwenye lori hakuweka alama, dereva wetu alikubali kushurutishwa, kondakta alipeleka shinikizo, abiria walilitengeneza, na sisi tuliojua zaidi hatukusema neno. Angalipatikana mtu mmoja tu wa kusema, "Dereva, tuko tayari kuchelewa," pengine safari ingalikwenda vinginevyo.

Ukungu humdanganya anayeendesha

Watu wengi hudhani kwamba dereva anayekimbia katika ukungu ni mtu asiyejali. Mara nyingine ni kweli. Lakini mara nyingine dereva huyo hajui kwamba anakimbia. Jicho hupima mwendo kwa kutazama vitu vya kando vinavyopita: miti, nyumba, nguzo, watu. Ukungu huvifuta vitu hivyo au huvififisha, na dereva hujiona anakwenda polepole kuliko anavyokwenda hasa. Kwa hiyo katika ukungu dereva asiamini hisia zake. Atazame kipimo cha mwendo kilicho mbele yake, na akitazame mara kwa mara.

Ukungu una udanganyifu wa pili. Hautandi sawasawa. Usiku hewa baridi, ambayo ni nzito, huteremka na kutulia mabondeni, na ndiyo maana mtu huweza kuendesha juu ya mgongo wa kilima akiona nyota, kisha akashuka bondeni akaingia katika ukuta mweupe. Dereva anayeijua njia hupunguza mwendo kabla ya kushuka bondeni, hangoji kuingia ndani ya ukungu ndipo akanyage breki, kwa kuwa aliye nyuma yake naye haoni.

Udanganyifu wa tatu ni taa za gari lililo mbele. Katika ukungu dereva hufarijika kuona taa mbili nyekundu, akazifuata kwa karibu ili asizipoteze. Akifanya hivyo amemkabidhi mwenzake macho yake. Wa mbele akigonga kitu, wa nyuma naye atagonga.

Hesabu ya kusimama

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, huweka ukomo wa kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na huyazuia magari makubwa ya abiria na mizigo yenye uzito unaozidi tani tatu na nusu yasizidi kilomita 80 kwa saa. Tunaomba ieleweke vizuri kwamba huo ni ukomo, yaani mwisho wa kuruhusiwa wakati njia ni nzuri na macho yanaona mbali. Haukuwekwa ili ufikiwe kila saa na kila mahali.

Tuchukue mfano wa gari dogo lenye breki nzima na matairi mazuri juu ya lami iliyolowa. Dereva makini huhitaji kama sekunde moja na nusu kuitambua hatari na kukanyaga breki. Kwa makadirio, mambo huwa hivi:

Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari hupita mita 33 kabla breki hazijaanza kazi, na husimama baada ya mita 95 hivi tangu hatari ilipoonekana.

Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, husimama baada ya mita 45 hivi.

Kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, husimama baada ya mita 20 hivi.

Basi lililojaa na lori lenye mzigo huhitaji umbali mkubwa zaidi ya huo. Sasa fikirini ukungu unaoruhusu kuona mita 50 tu. Dereva wa kilomita 80 kwa saa akiona lori limesimama mbele yake, tayari amekwisha kuchelewa. Hata angekuwa hodari kuliko madereva wote wa nchi hii, breki zake haziwezi kumpa mita ambazo hakuwa nazo.

Kwa kuwa hakuna anayebeba kamba ya kupimia barabarani, tunapendekeza kipimo chepesi. Kitu chochote kinapotokeza kutoka katika ukungu, iwe kibao, mti au nguzo, dereva aanze kuhesabu polepole: mia moja na moja, mia moja na mbili, mia moja na tatu. Kila hesabu ni kama sekunde moja. Akikifikia kitu hicho kabla ya sekunde nne kwa gari dogo, au kabla ya sekunde sita kwa basi na lori, mwendo wake umepita macho yake, apunguze. Abiria aliyeketi mbele naye anaweza kuhesabu.

Kuhusu kulipita gari jingine ndani ya ukungu, hatuna maelezo marefu. Katika barabara ya njia mbili asiyeona mbele hawezi kujua anayekuja. Asipite.

Taa

Taa zina kazi mbili: kumwezesha dereva kuona na kumwezesha kuonekana. Katika ukungu, taa za juu, ambazo wengi huziita fulu, hudhuru. Ukungu ni matone madogo mno ya maji, na mwanga mkali ukiyapiga humrudia dereva usoni. Atumie taa za chini, na kama gari lina taa maalumu za ukungu aziwashe, kisha azizime ukungu ukiisha ili zisiwaumize wengine macho.

Magari mengi yanayoingia nchini yana taa zinazojiwasha zenyewe giza linapoingia. Wenye magari hayo wasiyategemee katika ukungu wa mchana. Kifaa kinachoziwasha taa hizo hupima giza, na ukungu wa mchana ni mweupe. Aidha, taa ndogo za mchana zinazowaka mbele katika baadhi ya magari haziwashi taa za nyuma. Dereva hujiona ana taa, kumbe anayemfuata haoni kitu. Azungushe swichi kwa mkono wake, na kabla ya safari ashuke akahakikishe kwamba taa za nyuma zinawaka na hazikufunikwa na matope.

Wapo wanaowasha taa za tahadhari, yaani hazadi, huku wakiendelea na safari. Nia yao ni njema, lakini katika magari mengi hazadi huificha indiketa, na anayefuata hushindwa kujua kama gari la mbele limesimama au linakata kona. Hazadi iwashwe gari linaposimama mahali pa hatari, au kwa muda mfupi kumwonya wa nyuma kwamba mbele kuna jambo.

Kioo cha mbele

Jambo hili linawahusu abiria moja kwa moja. Baridi ikizidi, abiria hufunga madirisha yote. Pumzi za watu hamsini na nguo zilizolowa hujaza unyevu ndani ya basi, na unyevu huo hutua juu ya kioo baridi kilicho mbele ya dereva. Basi linaweza kuwa nje ya ukungu kabisa na bado dereva wake akawa ndani ya ukungu wa pumzi zetu.

Tiba yake ni kuelekeza hewa ya moto kwenye kioo. Kama gari lina kiyoyozi, kiwashwe pamoja na hewa ya moto, kwa kuwa kiyoyozi huikausha hewa; wengi hawakiwashi wakati wa baridi kwa kudhani kazi yake ni kupoza tu. Gari lisilo na kiyoyozi lihitaji dirisha moja au mawili yaachwe wazi kidogo. Abiria, vaeni koti na mje na kitenge au blanketi, ili dirisha hilo likifunguliwa msigombane na kondakta. Dereva awe na kitambaa safi. Kiganja cha mkono huacha mafuta yanayotawanya mwanga wa taa za wanaokuja.

Kwa wale wa maeneo ya sakitu, kioo kilichoganda kikwanguliwe kwa kitu cha plastiki au kingojwe kiyeyuke. Kisimwagiwe maji ya moto, kwa sababu kinaweza kupasuka. Na dereva asiondoke kwa kusafisha tundu dogo la kuchungulia. Kioo chote kiwe wazi, pamoja na vioo vya pembeni.

Utelezi na miteremko

Baada ya siku nyingi za ukavu, lami hukusanya vumbi, mafuta na chembe za matairi. Manyunyu ya kwanza hayana nguvu ya kuviosha. Huvichanganya tu vikawa utelezi. Kwa hiyo nusu saa ya kwanza ya manyunyu madogo huweza kuwa mbaya kuliko mvua kubwa iliyokwisha kunyesha muda mrefu. Katika barabara za udongo mwekundu jambo hilo mnalijua kuliko sisi.

Mahali penye utelezi, kila tendo la dereva liwe la upole: kukanyaga mafuta, kukanyaga breki na kukata kona. Mwendo upunguzwe kabla ya kona, si ndani yake.

Katika miteremko mirefu, kama ule wa Kitonga na mingine mingi ya ukanda huu, dereva ateremke kwa gia ndogo ili injini ilizuie gari. Anayetegemea breki peke yake huzipasha moto mpaka zinapoteza nguvu. Na anayelitoa gari kwenye gia, akateremka kwa nyutro ili aokoe mafuta, ameutupa msaada wa injini wakati anapouhitaji zaidi. Mafuta anayoyaokoa hayalingani na gharama ya tairi moja, sembuse maisha. Wenye magari ya breki za hewa wakumbuke kumwaga maji yanayojikusanya katika matanki ya hewa.

Matairi

Mfereji wa tairi una kazi ya kuondoa maji kati ya tairi na lami. Ukiisha, tairi huelea juu ya maji, na usukani huwa mwepesi mkononi kwa sababu haushiki kitu. Nchi nyingi huweka kina cha milimita 1.6 kuwa cha chini kabisa. Matairi mengi yana vijinundu vidogo ndani ya mifereji. Uso wa tairi ukilingana na vijinundu hivyo, tairi limekwisha.

Anayenunua tairi, hasa la mtumba, asitazame mifereji pekee. Ubavuni mwa tairi pana alama ya DOT, na mwisho wake pana tarakimu nne. Mbili za kwanza ni juma, na mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. Tarakimu 2319 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2019. Mpira huzeeka na kukakamaa hata kama haujatembea. Muuzaji anayekuzuia kusoma tarakimu hizo, au aliyezikwangua, usinunue kwake.

Upepo wa tairi hupungua hewa inapopoa, takribani kipimo kimoja cha PSI kwa kila nyuzi 5 au 6 za joto zinazoshuka. Kwa hiyo upimwe asubuhi kabla ya safari, tairi likiwa bado baridi.

Gari lililoharibika njiani

Tumeona lile lori la mbao. Gari likiharibika, jambo la kwanza ni kulitoa barabarani kama linaweza kusogea. Kama haliwezi, liwashwe hazadi na ziwekwe pembetatu za kuakisi mwanga, mbali vya kutosha kumpa anayekuja nafasi ya kusimama. Katika ukungu au nyuma ya kona umbali huo uwe mkubwa zaidi. Matawi ya miti hayaakisi mwanga, na yakilowa hufanana na lami. Anayeyatumia kwa kukosa pembetatu ajue kwamba hajajikinga, na akiondoka ayaondoe pamoja na mawe aliyozuilia magurudumu.

Abiria washuke, wasimame nje ya barabara. Kutafuta joto kwa kukaa ndani ya basi lililosimama katikati ya njia ni hatari kubwa.

Bodaboda

Bodaboda hupata baridi kuliko dereva yeyote. Vidole vilivyokufa ganzi huchelewa kukamata breki, na kofia ngumu iliyofungwa hujaa mvuke. Dereva avae glavu, afungue kioo cha kofia kidogo, na avae kizibao cha kuakisi mwanga juu ya koti na si chini yake. Abiria adai kofia yake. Kupakiana mishikaki kwa kisingizio cha kupeana joto ni kuongeza uzito na kupunguza breki.

Moshi usioonekana

Hapa tutasema kwa ukali kidogo. Baridi ya huku huwafanya baadhi ya madereva wa malori na matingo wao kuingiza jiko la mkaa ndani ya kabini wanapolala, au kuacha injini ikiunguruma mahali palipofungwa. Mkaa na injini hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo humlevya mtu, humlaza, na humuua bila kumwamsha. Jiko la mkaa lisiingie ndani ya gari, hata lile lililobakiza majivu yenye moto. Blanketi la pili ni bei nafuu.

Usingizi wa alfajiri

Mwili wa binadamu huwa dhaifu zaidi kwa usingizi kati ya saa 8 usiku na saa 12 asubuhi. Saa hizo ndizo pia ambazo ukungu huwa mzito. Ndiyo maana safari inayozidi saa 8 hutakiwa kuwa na madereva wawili, na abiria ana haki ya kuuliza dereva wa pili yuko wapi. Dereva anayesinzia hasaidiwi na muziki wala baridi ya dirishani. Husaidiwa na kusimama na kulala.

Wajibu na sauti ya abiria

Ndugu abiria, tumewaacha mwisho kwa kuwa tuna neno maalumu nanyi. Mabasi ya masafa marefu yamefungwa vifaa vya kufuatilia mwendo, na dereva akizidi ukomo taarifa hupatikana. Vifaa hivyo vimesaidia. Lakini kifaa hakioni ukungu. Basi linalokwenda kilomita 75 kwa saa mahali pasipoonekana mita 40 halijavuka ukomo, na kifaa kitanyamaza. Wenye macho ndani ya basi hilo ni dereva na ninyi.

Kwa hiyo tunawaomba mambo matano.

Kwanza, pangeni safari mkiijua hali ya hewa. Mwenye miadi ya hospitali au kesi mahakamani asafiri mapema, ikiwezekana siku moja kabla. Katika siku nyingi ukungu hupungua jua likipanda. Kuondoka saa 3 asubuhi badala ya saa 11 alfajiri huweza kubadili safari yote.

Pili, fungeni mikanda, na mtoto asipakatwe pasipo kinga. Mkanda usiofanya kazi utajwe kabla basi halijaondoka kituoni.

Tatu, msimshurutishe dereva. Nauli mliyolipa imenunua kufika. Haijanunua kufika kabla ya wengine.

Nne, semeni, na mseme kwa heshima. Dereva aliyepunguza mwendo anahitaji kusikia kwamba abiria wanamuunga mkono, kwa maana tayari anaifikiria ratiba na simu ya tajiri wake. Mwambieni, "Dereva, tuko tayari kuchelewa." Neno hilo likitoka kwa mmoja, wengine huliunga mkono, tumeliona jambo hilo mara nyingi tangu siku ile.

Tano, asiposikia, toeni taarifa kwa askari wa usalama barabarani au kwa Mamlaka kwa namba zilizobandikwa ndani ya basi. Taarifa inayosaidia ina mambo manne: namba ya usajili wa gari, mahali, saa, na kilichotokea. Tunzeni tiketi, ndiyo ushahidi kwamba mlikuwamo.

Nanyi ndugu wamiliki, ratiba mnaipanga ninyi. Dereva anayekatwa posho kwa kuchelewa siku ya ukungu amelipwa ili akimbie. Waambieni madereva wenu waziwazi, mbele ya abiria, kwamba kuchelewa kwa sababu ya ukungu si kosa, na kusimama mahali salama mpaka ukungu upungue si uvivu.

Ndugu zetu, wazee walisema kawia ufike. Katika kipupwe neno hilo linahitaji kushikwa na wote waliomo garini. Mwendo usipite macho, na macho yakiona hatari, kinywa kisinyamaze.